Mapenzi ya Kitu Yakipoa



Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma habari za mtu anayekipenda kitu cha dunia kupita kiasi. Tumeonywa mara nyingi, na maonyo hayo ni ya haki. Lakini liko jambo jingine lisilozungumzwa sana, nalo ni la mtu aliyekipenda kitu kwa miaka mingi, akakigharimia, akajulikana nacho mtaa mzima, kisha siku moja akautazama moyo wake akakuta mapenzi yale hayamo tena. Kitu kipo, mapenzi yamekwenda. Afanye nini? Akiuze? Akiweke? Ampe mtu? Au akiache hapo kilipo, awe anakipita kila siku kama asiyekiona?

Huenda nawe huko pwani unacho chako. Pengine ni mashua ya marehemu baba iliyopandishwa ufukoni ikakauka mbao, au cherehani ya bibi isiyoshona tena, au nyumba ya mji wa kale ambayo hakai mtu wala haikodishwi. Changu mimi kilikuwa gari, tena gari la mashindano. Nakuomba usicheke mapema. Nitakueleza lilivyokuwa, kisha tulipime jambo hili pamoja kwa mizani tuliyofundishwa.

Kwanza ujue niko wapi. Mlowo ni mji wa barabarani katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, mkoa uliotengwa na ule wa Mbeya mwaka 2016. Ukitoka Mbeya kwenda mpaka wa Zambia utaufikia Mlowo kabla ya Vwawa, na mbele zaidi ndiko Tunduma. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Hapa ni nchi ya kahawa, mahindi na maharage, na ni nchi ya baridi. Mwezi wa Juni mtu wa Tanga kama mimi hulala na mablanketi mawili. Wenyeji ni Wanyiha, wakulima hodari na majirani wema. Barabara kuu inapita katikati ya mji, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita kando. Mimi nilikuja huku kijana kufuata biashara, na mpaka leo nauza vipuri vya malori.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun 240Z. Kwa asiyelijua, ni gari la watu wawili tu, lenye boneti refu na mgongo wa kuteremka, limeinama chini kama paka anayevizia. Injini yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wake sentimita za ujazo 2,393, na inalishwa na kabureta mbili. Kiwanda cha Nissan cha Japani kilianza kulitoa mwishoni mwa mwaka 1969.

Wenye umri wangu watakumbuka kwa nini jina hilo lilitutia wazimu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa miaka mingi yalipita katika nchi zetu za Afrika Mashariki, katika vumbi na tope letu wenyewe. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na wa pili akawa Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda, naye akiendesha 240Z. Mwaka 1973 Mehta alilingana alama na Harry Källström wa Sweden, na baada ya hesabu kupigwa ushindi ukawa wa Mehta, ndani ya 240Z hiyo hiyo. Baadaye akaja kushinda mara nne mfululizo, tangu 1979 mpaka 1982. Sisi watoto wa Tanga tulikuwa tukitoka chuoni, juzuu kwapani, tunakimbilia baraza yenye redio tusikie nani anaongoza. Hatukuwa tumeliona gari hilo hata mara moja, lakini kila mmoja wetu alijua kulichora kwa mkaa ukutani.

Basi mwaka 1996 nilipokuwa na fedha kidogo ya halali, nikasikia kuwa kuna moja Arusha, limeachwa na mzee aliyefariki, na warithi wake hawalitaki. Nikaenda. Nikalinunua kwa bei nafuu, kwa kuwa wakati ule lilikuwa gari kuukuu tu na hakuna aliyelitafuta. Warithi walinieleza wazi kuwa injini iliyomo siyo iliyotoka nayo kiwandani. Ile ya asili ilikufa zamani, ikatiwa nyingine ya Datsun ya silinda sita. Mimi sikujali. Nililitaka liende, na lilikwenda.

Hapa Mlowo palikuwa na fundi makanika, Mnyiha, Mkristo wa Kanisa la Moravian, kijana kuliko mimi kwa miaka kumi hivi. Mikono yake ilikuwa na akili. Yeye ndiye aliyelijua gari lile kuliko mimi mwenyewe. Huku juu hewa ni nyepesi, na kabureta zilizopimwa kwa hewa ya pwani hunywa petroli kupita kiasi na injini hukohoa. Fundi alikaa nazo siku tatu, anafungua na kufunga, anasikiliza kama tabibu asikilizavyo kifua, mpaka sauti ikanyooka. Kazi ya malori nilimlipa kila mara, na vipuri vyote nilinunua mimi. Lakini kazi ya Datsun alikataa malipo. Kila nikimpa alisema, "Mzee, hii si kazi, hii ni starehe yangu. Siku ukiliuza utanikumbuka." Nami nikamjibu, "Inshallah, nitakukumbuka." Tukacheka, tukapanda, tukaenda mpaka Tunduma kunywa chai na kurudi.

Miaka ikapita hivyo, zaidi ya ishirini. Kisha mapenzi yakaanza kupoa, na nitakutajia sababu zake, maana sababu hizi zinafundisha.

Ya kwanza ni barabara. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yamezidi, na foleni ya mpaka wa Tunduma huweza kuwa ndefu ya kukatisha tamaa. Kila kijiji kina matuta, na kila penye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Hayo yote ni kwa usalama wa watoto wetu, na sina neno juu yake. Lakini gari lililotengenezwa kukimbia likawa linatambaa nyuma ya lori la saruji, tumbo lake likikwaruza kila tuta. Ya pili ni mwili wangu. Nimepita miaka sitini. Kuingia katika gari lile ni kama kuteremka kisimani, na kutoka ni kazi zaidi. Ya tatu, na ndiyo kubwa, fundi alifariki mwaka 2021. Baada ya hapo kila nilipofungua boneti niliona nafasi yake imesimama kando yangu. Ndipo nikafahamu kuwa sehemu kubwa ya niliyoyaita mapenzi ya gari ilikuwa mapenzi ya mtu niliyekuwa naye garini.

Likakaa uani chini ya turubai, jirani na magunia ya mahindi. Kuku wakataga chini yake. Wilaya yetu ya Mbozi ina kimondo mashuhuri katika kijiji cha Ndolezi, pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, na watu hutoka mbali kwenda kulitazama. Watoto wa mtaani wakaliita gari langu kimondo cha pili: chuma kilichokuja kwa kasi na sasa hakiendi popote.

Sasa, ndugu msomaji, je, kupoa kwa mapenzi haya ni aibu? Nasema si aibu. Moyo umeitwa kwa Kiarabu "qalb", neno la kugeuka na kugeuzwa, na si ajabu kitu kigeuke mwenye kugeuka. Kumpoa mtu ndiko kwenye hesabu nzito, kwa sababu mtu ana haki zake hata moyo ukipoa: mke, mzazi, jirani. Chuma hakina moyo wa kuvunjika. Asiyelipenda tena gari lake hakumdhulumu mtu kwa kutolipenda. Hesabu yake iko kwingine, nayo ni katika lile analolifanya baada ya hapo.

Kila mtu akanipa shauri lake. Kijana wangu aliye Dar es Salaam akasema kwa simu, "Baba, usiliuze, litakuwa kumbukumbu yako." Nikamwuliza kama atakuja kulichukua. Akajibu kuwa kwake hana hata pa kuegesha baiskeli. Rafiki yangu wa dukani akasema, "Liache tu, bei inapanda." Na ni kweli inapanda. Tangu mwaka 2003 kuna mashindano ya magari ya zamani yanayofanyika huku Afrika Mashariki kukumbuka Safari ya kale, na matajiri wanatafuta magari ya namna hii. Mwaka 2021 Safari yenyewe ilirudi katika ubingwa wa dunia, na majina ya zamani yakafufuka vinywani. Ama mama watoto, yeye alinipa neno moja tu tulipokuwa tunakunywa uji: "Baba, wewe hulipendi tena, na wala hutaki asiyekuwa wewe alipende." Nikanyamaza, maana neno lile halikuwa na jibu la haraka.

Katika kulifikiri nikakumbuka mambo mawili tuliyosomeshwa.

La kwanza ni Hadithi ya farasi, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Bwana Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa farasi huwa kwa watu wa namna tatu. Kwa mmoja ni ujira: huyu amemweka kwa njia ya Mwenyezi Mungu, basi hata majani anayokula na maji anayokunywa huandikwa kuwa ni mema ya mwenyewe. Kwa wa pili ni sitara: huyu amemweka ajitosheleze naye asiwaombe watu, wala hasahau haki ya Mungu iliyo juu yake. Kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi: huyu amemfunga kwa fahari na kujionyesha. Masahaba wakauliza, je, na punda? Akawajibu kuwa juu ya punda hakuteremshiwa jambo makhsusi ila ile aya ya mwisho wa Sura ya Zilzala, inayokusanya malipo ya kila jambo, jema na baya, hata likiwa dogo mno.

Tazama, ndugu yangu, mlango huo ulivyo mpana. Ikiwa punda ameingia humo, basi na baiskeli imeingia, na mashua, na gari. Usijiulize tu kama kitu ni halali. Jiulize: kwangu mimi, leo, hiki ni ujira, ni sitara, au ni mzigo? Nami neno "leo" nalitia kwa makusudi, kwa sababu kitu kimoja huhama fungu bila kuhama mahali. Datsun yangu ilipokuwa inatupeleka mimi na fundi kumzuru mgonjwa Vwawa ilikuwa kitu kimoja. Iliposimama chini ya turubai, inakula nafasi ya magunia na fedha ya mlinzi, ilikuwa kitu kingine. Rangi ni ile ile na magurudumu ni yale yale.

La pili ni kisa cha Nabii Suleiman (a.s.) katika Sura ya Sad. Alihudhurishiwa jioni farasi wazuri, wepesi wa mbio, waliosimama wima kwa uzuri wao, na akawatazama mpaka wakafichikana na macho. Kisha akaamuru warudishwe, akaanza kuwapitishia mkono miguuni na shingoni. Wanavyuoni wa tafsiri wamehitilafiana juu ya mkono ule. Wako waliosema kuwa jua lilikuchwa wakati wa sala umempita, basi akawachinja farasi wale na kuwatoa kwa ajili ya Mola wake. Na wako waliosema, na kauli hii imepokewa kwa Ibn Abbas na ndiyo aliyoielekea Ibn Jarir at-Tabari, kuwa aliwapangusa kwa mkono wake kwa kuwapenda na kuwatunza, maana hawakuwa na kosa.

Mimi si mwanachuoni wa kuamua kati ya wakubwa hawa. Lakini nilichokiona ni hiki: katika kauli zote mbili farasi hawakuachwa. Ama walitolewa kwa Mungu, ama walitunzwa kwa mkono wa mwenyewe. Hakuna kauli ya tatu inayosema kuwa walisahauliwa bandani mpaka wakakonda. Na ile njia ya tatu ndiyo wengi wetu tunayoishika. Hatuuzi, hatutoi, hatutunzi. Twasema "nitaona baadaye", na kutu haina baadaye. Inakula usiku na mchana. Gari lile lililoshinda mwaka 1971 mpaka leo limehifadhiwa Japani na kampuni iliyolitengeneza, huko Zama, likiwa safi. Hilo ni tunzo. Kulifunika turubai si tunzo.

Ama lile shauri la rafiki yangu la kungoja bei, nililipeleka kwa sheikh mmoja huko Mbeya, nikamwuliza pia habari ya zaka. Akanieleza kuwa chombo alichokinunua mtu kwa matumizi yake hakina zaka ya biashara, na katika madhehebu yetu ya Shafi hakigeuki kuwa mali ya biashara kwa nia peke yake, mpaka auze. Lakini akaongeza kuwa kuweka kitu kwa kungoja bei si haramu wala si ibada. Ni hesabu tu, na mwenye hesabu aangalie kama umri wake umo ndani ya hesabu hiyo. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

Basi nikaazimia kuuza. Mnunuzi akapatikana kwa njia ya watu, mtu wa Nairobi, mpenzi wa magari hayo. Akatumiwa picha kwa simu, akataja bei. Ndugu msomaji, bei ile ingejenga nyumba ya vyumba vitatu hapa Mlowo. Hakuuliza habari ya injini wala sakafu.

Hapo ndipo penye mtihani wenyewe, na ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kwa wapenzi wa magari ya zamani, injini ya asili ni kama hati ya nyumba. Namba za injini zikiafikiana na kumbukumbu za kiwanda, bei hupanda, zisipoafikiana hushuka. Na chini ya zulia, upande wa dereva, sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, fundi akaishona kwa bati la pipa na kuipaka rangi, kazi safi ambayo jicho la mgeni halioni. Jirani yangu wa dukani akaninong'oneza, "Mnunuzi ana macho yake. Hakuuliza, usimwambie."

Lakini sisi tunaouza na kununua mahindi tunalijua vizuri jambo hili. Hapa Mlowo mnunuzi wa mahindi haangalii juu ya gunia. Huchoma bambo mpaka katikati, akavuta punje za ndani, akazitafuna asikie unyevu. Kwa nini? Kwa sababu wako wanaotia kavu juu na mbichi chini. Na jambo hili si jipya. Bwana Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta majimaji. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatamka onyo zito kwa mwenye kughushi, kuwa si miongoni mwake. Na katika Hadithi nyingine, ya Hakim bin Hizam, tumefundishwa kuwa wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uwongo, baraka hiyo hufutwa.

Angalia kuwa yule bwana wa Madina hakuulizwa kabla na mnunuzi yeyote, naye hakusema uwongo. Aliacha tu kitu kilicholowa kikae chini. Kunyamaza kwake ndiko kulikolaumiwa. Basi hoja ya "hakuuliza" imevunjwa tangu zamani, na sisi twaifufua kila siku katika maduka yetu, katika nyumba tunazopangisha zinazovuja, hata katika posa za watoto wetu.

Nikampigia yule bwana simu nikamweleza: injini si yake ya asili, sakafu ina kiraka cha bati la pipa, na gia ya pili hulia asubuhi penye baridi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mzee, nakushukuru, lakini bei itabidi ishuke." Ikashuka karibu theluthi. Sitakudanganya kuwa moyo haukuuma. Theluthi ile ilikuwa fedha nyingi. Lakini alipokuja mwenyewe kulichukua hakuleta fundi wa kumkagulia, na tukahesabiana fedha kama watu wanaojuana. Akalipakia juu ya lori, akalifunga kamba kwa uangalifu, na kabla ya kuondoka akalipapasa boneti kwa kiganja. Nilipoona kiganja kile nikajua limekwenda kwa mwenye kulitaka.

Lilibaki moja, nalo ni neno nililomwambia fundi. Nilimwuliza sheikh tena, je, lile "nitakukumbuka" ni deni? Akanieleza kuwa si deni la kudaiwa kwa kadhi, kwa kuwa marehemu alijitolea kazi yake wala hatukutaja kiasi. Ni ahadi. Na kutimiza ahadi ni katika ukamilifu wa imani, na kuvunja ni katika alama za unafiki. Nikamwuliza kama ahadi kwa asiyekuwa Mwislamu ni sawa na ahadi kwa Mwislamu. Akanitazama kama mtu anayeona haya kujibu, akasema, "Ahadi huangaliwa aliyeitoa, haiangaliwi aliyepewa."

Nikatenga fungu moja katika manne ya bei ile, nikampelekea mjane wake. Anakaa kijijini, analima kahawa kidogo, na watoto wawili bado wanasoma. Alipoona bahasha akasema, "Baba, yeye hakuniachia habari ya deni hili." Nikamwambia kuwa si deni, ni neno baina yangu na yeye. Akaingia ndani akatoka na spana moja ndogo, akanipa. Ilikuwa ile aliyofungulia kabureta. Hatukusema mengi zaidi.

Sasa fikiri, msomaji. Lau ningalisema "nitaona baadaye" miaka kumi mingine, gari lingekuwa kutu, ahadi ingekuwa imezikwa nami, na watoto wale wangekuwa wamekwisha acha shule. Sikuwa nadaiwa na gari. Lakini juu ya gari lile palikuwa pamefungwa haki na matumaini ya watu ambao hata hawakujua. Ndivyo vitu vyetu vilivyo. Twadhani vimekaa kimya uani, kumbe kila kimoja kimeshikilia jambo la mtu. Mashua ile iliyokauka mbao ndani yake mna urithi wa dada zako. Nyumba ile isiyokaliwa ndani yake mna hifadhi ya mjane asiye na pa kulala.

Fedha iliyobaki nimeiweka kwa nia ya Hija ya mama watoto. Mimi nilijaliwa kwenda zamani, yeye bado. Haikutosha kamili, theluthi ile na robo ile zingetosha, nami nalijua hilo, naye analijua. Tunaongeza kidogo kidogo kutokana na duka. Hajanilaumu hata siku moja, ila alisema afadhali achelewe na fedha safi kuliko kuwahi na fedha yenye kiraka.

Je, nasikitika? Nasikitika kidogo, hasa alfajiri za baridi, inapopita barabarani injini yenye sauti iliyonyooka. Hilo halina ubaya. Mwenye kuuza ngamia wake huweza kuukumbuka mlio wake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unacho kitu ambacho moyo umekipoa, nakuusia mambo haya. Usikimbilie kujilaumu kwa kupoa, wala usilazimishe mapenzi yarudi. Jiulize kwako leo kiko fungu gani katika yale matatu. Kama wataka kukiweka, kitunze kwa mkono wako, si kwa turubai. Kama wataka kukitoa, kitoe kingali na manufaa. Kama wauza, weka iliyolowa juu. Na kabla ya yote kaa chini uhesabu ni nani mwenye neno lake limefungwa juu ya kitu hicho, awe hai au marehemu, awe wa dini yako au si wa dini yako.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuvitumie vitu kabla vitu havijatutumia, na atulipishe ahadi zetu tungali na pumzi. Wallahu aalam.